Binti Yetu Alidhani Ndiye Aliyemwita Mdogo Wake

Usiku wa tisa tangu mtoto wetu wa tatu azaliwe, mume wangu alinipigia simu wodini kunieleza kwamba binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka minane wakati huo, amekataa kusali. Nyumbani kwetu sala ya jioni huongozwa kwa zamu, na zamu ya siku hiyo ilikuwa yake. Alipotajwa alinyamaza, akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Mume wangu alidhani ni uchovu, au hasira ya kuachwa na mama, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikikamua maziwa tone kwa tone sikuwa na nafasi moyoni ya kulitafakari jambo hilo kama lilivyostahili. Wakati ule niliamini kwamba ninaye mtoto mmoja tu aliye hatarini.

Ilikuwa Juni 2022, nami nilikuwa na mimba ya wiki 30. Majuma mawili kabla ya hapo nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya nikilalamika maumivu ya kichwa, nikapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani bila mtu yeyote kunipima presha. Jambo hilo bado linaniuma, na kila ninapokutana na mama mjamzito mwenye kuumwa kichwa humsihi asiondoke kliniki kabla mkono wake haujafungwa kile kitambaa cha mashine. Miguu ilivimba, nikaanza kuona vimulimuli mbele ya macho, na nilipofikishwa hospitali mjini Moshi presha ilisoma 170 juu ya 110, na protini ikaonekana kwenye mkojo. Ni hali inayotangulia kifafa cha mimba, na tiba yake ya kweli ni moja tu, nayo ni kuzaa. Madaktari walitafuta siku mbili za kumpa mtoto nafasi: sindano nne za deksamethasoni, moja kila baada ya saa 12, ili mapafu yake yakomae upesi, na sindano ya magnesi ya kunikinga na degedege, ambayo ilinipita mwilini kama moto. Tarehe 3 nikapasuliwa. Mtoto alilia mara moja kwa sauti nyembamba, wakaondoka naye kabla sijamwona uso. Uzito wake ulikuwa gramu 1,180.

Kwetu watu husema mtoto kama huyo amelelewa kwenye chupa, na kweli ndivyo nilivyomkuta siku iliyofuata, ndani ya kisanduku kile cha kioo, akiwa na mrija wa maziwa uliopita kinywani hadi tumboni na mipira miwili midogo puani, iliyounganishwa na chupa ya maji iliyokuwa ikitoa mapovu. Nilielezwa kwamba mapovu hayo ndiyo yanayozuia vifuko vya mapafu visijifunge kila anapotoa pumzi. Mara kwa mara alisahau kupumua. Rangi yake ilibadilika, kengele ya mashine ililia, na nesi alimtekenya unyayo kwa kidole mpaka akakumbuka. Alikuwa akipewa pia dawa ya kafeini ya kumkumbusha, na wanangu walipoambiwa baadaye kwamba ni kafeini ile ile iliyomo katika kahawa ya shambani kwa babu yao, walijivuna kana kwamba ukoo mzima umeshiriki katika tiba.

Siku ya nane ndipo niliporuhusiwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi na kofia tu, nasi wawili tukafungwa pamoja kwa kitenge. Njia hii ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey Sanabria, na baada yake Héctor Martínez, waliokuwa na watoto wengi kuliko mashine, waliwaweka watoto vifuani mwa mama zao. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kusubiri mtoto atulie kwanza, na wodini kwetu ndivyo ilivyofanyika. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania katika hospitali ya Muhimbili, ulionyesha kwamba watoto wa chini ya kilo 1.8 waliobebwa mapema, hata kabla hawajatulia, waliokoka kwa wingi zaidi: katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12 miongoni mwao, dhidi ya asilimia 15.7 ya wale waliosubirishwa. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake Novemba 2022, miezi mitano baada yetu. Simlaumu mtu kwa hilo. Ila siku zile saba za kumtazama mwanangu kwenye kioo, huku kifua changu kikiwa tupu, bado ninazikumbuka moja moja.

Nyumbani, watoto wetu wakubwa wawili walikuwa wameambiwa maneno haya tu: "Mama yuko hospitali, mtoto amelala, ombeni." Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, na mume wangu aliificha picha niliyomtumia kwa sababu ya ile mipira na ngozi nyekundu iliyoonyesha kila mshipa. Tulidhani tunawahurumia. Kumbe mtoto akinyimwa maelezo hujitungia yake, na aliyoyatunga binti yetu yalikuwa mazito kuliko ukweli wenyewe.

Siku ya 12 alikuwa jikoni na mama mkwe wangu, wakimenya ndizi za mtori niliokuwa nikiletewa kila siku mchana. Bibi yake alimwambia, bila nia nyingine yoyote, kwamba wamwombee mdogo wake akue. Binti akaweka kisu chini. "Bibi, mimi siombi tena. Mimi ndiye niliyemwita."

Ilichukua muda kumwelewa. Tangu Pasaka, kila zamu yake ya sala ilipofika, binti yetu alikuwa akimwomba Mungu amlete mtoto haraka, kwa sababu alitamani awe amekwisha kumbeba kabla shule hazijafunguliwa Julai. Aje haraka, Bwana. Tulikuwa tumepiga magoti pale pale kando yake, mimi na baba yake, nasi sote tulikuwa tukiitikia Amina.

Mama mkwe aliponisimulia kwa simu, nililia kuliko nilivyolia siku ya upasuaji. Halafu nikaanza kutafuta jibu, na kila jibu lililokuwa karibu nililiona lina shimo. Kama ningemwambia kwamba sala yake haikuwa na uwezo wowote, ningekuwa nimebomoa kwa mkono mmoja kile tulichokuwa tukikijenga tangu aanze kutamka, na mdogo wake bado alikuwa kwenye mashine akiombewa na jumuiya nzima. Kama ningemwambia kwamba Mungu ndiye aliyepanga, kama walivyoniambia wageni wengi waliokuja kunifariji, angeelewa kwamba Mungu alipanga kwa kufuata agizo lake. Mtu mzima aweza kukaa na fumbo. Mtoto wa miaka minane aliyejihukumu anahitaji kujua ni nini hasa kilichotokea.

Basi mume wangu akamleta. Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, na nesi mmoja, ambaye namwombea heri hadi leo, akatuazima mashine ya presha. Nilimfunga binti yangu kitambaa mkononi, akakisikia kikimbana, akasoma mwenyewe namba: 98 juu ya 60. Nikamwambia kwamba ya mama ilikuwa 170 juu ya 110, kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma haikuwa imejengeka vizuri tangu miezi ya mwanzo ya mimba, kabla hata yeye hajajua kwamba mama ana mtoto tumboni, na kwamba madaktari walimtoa mdogo wake kwa sababu kama wangesubiri tungeweza kufa sote wawili. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa.

"Kwa hiyo Mungu hakunisikia?"

Nilimwambia kwamba alimsikia, kama mimi ninavyomsikia yeye anaponiomba chai ingali inachemka jikoni: ninasikia, ninafurahi kwamba ameniomba mimi, na simpi, kwa kuwa itamuunguza. Nilimwambia kwamba ugonjwa wa mama haukuwa jibu la sala ya mtu yeyote. Sitadai kwamba aliridhika papo hapo, kwa maana jioni ile pia hakusali, na hatukumlazimisha. Alichoomba kilikuwa kitu kingine kabisa, yaani kuambiwa kila siku mdogo wake ana uzito gani.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika nyumbani. Mume wangu aliwaonyesha ile picha, akawaeleza kila mrija kazi yake, kisha akawapa mikononi pakiti ya kilo moja ya sukari, akawaambia kwamba mdogo wao anazidi hiki kidogo tu. Mwana wetu wa kati, aliyekuwa na miaka mitano, aliizungusha ile sukari ndani ya nyumba siku nzima, akiiwekea shuka na kuwakataza watu wasipige kelele. Binti alichukua daftari la mistari, akachora safu tatu: tarehe, gramu, mililita. Kila jioni baba alimsomea namba nilizotuma, naye akaandika. Katika namba za siku zilizopita aliona kwamba uzito ulishuka hadi gramu 1,070 siku ya sita, akaogopa. Akaelezwa kwamba watoto wote hupungua kwanza, na njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, hupungua zaidi. Aliona siku ya 15 uzito umerudi pale ulipoanzia, na maziwa yakipanda kutoka mililita mbili hadi 20 kila baada ya saa tatu. Daftari hilo ninalo, na kuna tarehe moja ambayo aliandika namba kisha akaizungushia duara mara tatu, siku mdogo wake alipofika gramu 1,500.

Neno lenyewe njiti lilileta mjadala. Mama mkwe hakulipenda, kwa sababu aliona ni kumwita mtoto kijiti. Watoto walilisikia kwa wenzao na mwana wetu alirudi akilia. Mume wangu akawasimulia habari za Doris Mollel, Mtanzania aliyezaliwa njiti kwa gramu 900, mdogo kuliko ndugu yao, akakua, akaanzisha taasisi inayopeleka vifaa vya watoto njiti hospitalini. Tangu siku hiyo mwana wetu alilitumia neno hilo kama cheo. Nami kwa upande wangu nilifarijika kujua kwamba hatukuwa kisiwa, kwani mwaka 2020 peke yake watoto wapatao milioni 13.4 duniani walizaliwa kabla ya wiki 37, karibu mmoja katika kila kumi.

Kuna jambo moja ambalo sisi watu wazima hatukukubaliana, nalo ni ubatizo. Siku ya tano mtoto alisahau kupumua mara nyingi, wakashuku maambukizi, wakaanza dawa za kuua bakteria. Mama mkwe, Mlutheri wa tangu utoto, alitaka mtoto abatizwe usiku ule ule. Mume wangu alikataa kwa uchungu ambao sikuwahi kuuona kwake. Alihisi kwamba kuita maji ni kuita mauti, kwamba tukimbatiza kwa dharura tumekubali kumzika. Mama yake akamwambia, "Baba, simpeleki kaburini. Ninampeleka kwa mwenyewe." Ilikuwa saa tano usiku alipokubali. Mchungaji wa hospitali alinawa mikono hadi viwiko kama sisi, nesi akatoa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, naye mchungaji akachovya kidole kupitia kidirisha cha chupa. Tulikuwa watu watatu. Katika Zaburi ya 139 mchungaji alichagua mstari mmoja tu, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika," nami, niliyekuwa nimeujua mstari huo tangu Shule ya Jumapili, niliusikia usiku ule kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya kile kioo.

Binti yetu alipojua kwamba mdogo wake amebatizwa bila yeye kuwepo, alihuzunika sana, na nadhani alikuwa na haki. Kwa bahati njema kanisa letu lina utaratibu wa kumleta mbele ya usharika mtoto aliyebatizwa kwa dharura, na Jumapili moja ya Septemba watoto wote wawili walisimama nasi mbele ya madhabahu. Waliomba wawe wadhamini. Haikuwezekana, kwa kuwa hawajapata kipaimara, lakini mchungaji wa usharika aliwaruhusu washike mshumaa. Katika mahubiri alikumbusha kwamba Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alijiita "mtu aliyezaliwa si kwa wakati wake". Mwana wetu alinivuta gauni na kuniuliza kwa sauti iliyosikika hadi kwenye kwaya kama Paulo naye alikuwa njiti.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya 47, tarehe 20 Julai, akiwa na gramu 1,810. Likizo yangu ya uzazi kwa sheria ilikuwa siku 84, zaidi ya nusu yake imeishia wodini, na ya mume wangu ilikuwa siku tatu. Nilishukuru niliposikia kwamba mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa ili wazazi wa watoto njiti waongezewe muda. Huku kwetu mteremkoni Julai ni baridi ya kuingia mifupani, na mtoto wa kilo moja na robo tatu hana mafuta ya kujipasha joto. Nilimbeba kifuani usiku na mchana, na nilipokwenda kuoga baba yake alimpokea kifuani mwake, akakaa kimya kama mtu aliyebeba kikapu cha mayai. Jiko la kuni tulilihamishia mbali kwa sababu ya moshi. Wageni tuliwaomba wabaki barazani, na hilo kwa desturi yetu si jambo dogo, kwa kuwa mzazi hutembelewa. Baadhi walikasirika. Mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyetunusuru, kwani alitangaza mwenyewe kwamba anayetaka kumpenda mtoto huyu alete kuni, unga au amsindikize mwana wetu chekechea, na kwamba kumwona kutakuja. Kwa wiki sita watoto wangu hawakutembea peke yao asubuhi hata siku moja.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa mafua. Mwishoni mwa Julai mwana wetu alianza kukohoa, nasi tukampeleka kwa bibi yake, ng'ambo ya mfereji, kwa siku sita. Tulikuwa na sababu, kwa maana kikohozi cha kawaida kwake kingeweza kumrudisha mdogo wake kwenye mipira ya hewa. Lakini siku ya tatu alisimama mpakani mwa shamba la migomba akaniuliza, "Nikipona mtanirudisha?" Nilikuwa na mtoto mmoja kifuani na mwingine hatua 20 kutoka kwangu, na sikuweza kumkumbatia. Tuliketi kila mmoja upande wake wa mfereji tukaimba nyimbo zote anazozijua, kila jioni mpaka alipopona. Siku aliyorudi alinawa mikono mara nne bila kuambiwa.

Kliniki tulifundishwa kuhesabu umri wake mara mbili, tangu alipozaliwa na tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, tofauti ikiwa wiki kumi. Binti yetu aliipenda hesabu hiyo, na jirani aliposema kwamba mtoto wa miezi mitano hajashika shingo sawasawa, alimjibu kwa adabu, "Mama, huyu kwa hesabu ya kweli hajafikisha hata miezi mitatu." Macho yake yalichunguzwa tangu wiki ya nne, kwa sababu mishipa ya jicho la njiti yaweza kukua vibaya, na yalikuwa salama. Alitembea akiwa na miezi 15. Sasa anawafukuza kuku wa bibi yake.

Binti hakuwa amesali kwa sauti tangu Juni. Hatukumwekea zamu; alikaa nasi, alisikiliza, basi. Kumbe katika ile safu ya tarehe ya daftari lake alikuwa amekwisha kuandika mbele, bila gramu wala mililita, siku ambayo mdogo wake alipaswa kuzaliwa: 12 Agosti. Jioni hiyo, tulipokwisha kuimba, alisema kwamba ataomba yeye. Alimwambia Mungu kwamba leo ndiyo siku yake, na kwamba ashukuriwe kwa kuwa tayari yupo na amenyonya vizuri, na kwamba mama asiumwe tena presha. Baba yake na kaka yake waliitikia Amina mara moja. Mimi nilichelewa kidogo, kwa kuwa safari hii nilikuwa nikiyasikiliza maneno.